Keki ya Noeli kwa Mbabula na Mchanga wa Ziwa

Oveni ni chombo cha nyumba chache mjini Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Umeme wa kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, huja na kukatika. Siagi ni ghali, krimu ni adimu, na zabibu kavu ni bidhaa ya kuagizwa mbali. Hata hivyo, alasiri ya tarehe 24 Desemba, ukipita mitaa ya Kataki, Lubuye au Hewa Bora, utanusa harufu ya sukari inayoyeyuka, ndizi mbivu zinazokaangwa na keki inayoumuka. Keki hiyo inaivia juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ndani ya sufuria kuukuu iliyotiwa mchanga, huku makaa mengine yamepangwa juu ya kifuniko.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ni kubahatisha tu. Wengine huitaja kwa ule msemo wetu sisi Wakongo wa Artikle 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Mimi naiita ufundi. Mpishi anayeivisha keki laini bila kipimajoto, bila mizani na bila kitufe cha kuongeza wala kupunguza moto, anajua mengi kuhusu joto, unga na sukari. Ujuzi huo umo mikononi mwa akina mama na wasichana wa mji huu. Unapita kutoka jiko hadi jiko, kwa macho na kwa kuonja, na bado hatujaupa heshima unayostahili.

Wiki hizi za kuelekea Noeli, wengi wanahesabu pesa na kujiuliza kama watoto watapata kitu kitamu baada ya wali na kuku. Jibu ni kwamba watapata. Kitindamlo cha sikukuu kinaweza kutengenezwa nyumbani, kwa vitu vingi vilivyomo sokoni kwetu, na kikawa kizuri kuliko gato la dukani. Ila ni lazima kazi yenyewe ieleweke.

Mchanga ndio oveni

Anza na sufuria kubwa na nene, ile nzito ambayo mafundi wetu huisubu kwa alumini chakavu. Sufuria nyembamba haifai, kwa sababu ikikaa juu ya makaa bila maji ndani itapinda au itatoboka. Ndani yake mwaga mchanga, kina cha vidole viwili au vitatu. Mchanga wa ufukweni haununuliwi, lakini una kazi yake: uoshwe mpaka maji yatoke safi, uchambuliwe kokoto na magamba ya konokono, kisha ukaangwe hadi ukauke kabisa. Mchanga wenye unyevu hutoa mvuke, na mvuke huifanya keki iwe nzito kama mkate mbichi. Ukishakauka, unahifadhiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko na kutumika mwaka hadi mwaka.

Kazi ya mchanga ni kuutuliza moto. Makaa hayawaki sawasawa. Kipande kimoja huwa chekundu na cha pembeni yake kimeshaanza kuwa majivu. Bila mchanga, keki ingeungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Mchanga hupokea joto polepole, hulisambaza, na huendelea kulitoa hata makaa yakianza kufifia. Juu ya mchanga huwekwa mawe matatu madogo makavu, au kopo la sardini lililofunikizwa, na chombo cha keki huketi juu yake ili hewa ya moto ikizunguke pande zote.

Joto la juu ndilo linalowashinda wengi. Moto wa chini peke yake utaivisha keki, lakini utaiacha nyeupe na yenye majimaji juu, maana mvuke unaopanda hugonga kifuniko na kudondoka tena. Dawa yake ni kufunika kwa kifuniko bapa cha chuma na kupanga makaa juu yake. Kanuni ya wapishi wazoefu ni makaa machache chini, makaa mengi juu. Moto wa chini una njia rahisi ya kupanda. Wa juu unahitaji wingi ili ushuke.

Kabla ya kuweka keki, pima joto kwa karatasi. Weka kipande cheupe juu ya mawe ndani ya sufuria, funika, ngoja dakika chache. Kikigeuka rangi ya kahawia nyepesi, tanuri liko tayari. Kikiwa cheusi, ondoa makaa kadhaa. Kikibaki cheupe, ngoja zaidi. Baada ya hapo usifunue kila mara kwa hamu ya kuchungulia. Katika nusu saa ya kwanza keki bado inajengwa na vipovu vya hewa ambavyo kuta zake hazijakauka, na ikipigwa na baridi hudidimia katikati. Keki ya ukubwa wa kawaida huchukua kati ya dakika 40 na saa nzima. Kijiti chembamba kikichomwa katikati na kutoka kikavu, kazi imekwisha.

Chombo cha kuokea kinaweza kuwa sufuria ndogo isiyo na mpini au kopo la maziwa ya unga. Kopo lililopakwa rangi ndani lisitumike. Badala ya karatasi ya kuokea, chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto hadi lilainike na kung'aa, kisha ulitandike ndani. Keki haitagandamana na chombo, na itapata harufu ambayo karatasi haiwezi kuitoa.

Hapa nitoe onyo ambalo halina mzaha. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo huua. Desemba ni majira ya mvua kwetu, na mvua ikinyesha jioni ya mkesha kuna kishawishi cha kuiingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Usifanye hivyo. Pikia barazani, au chini ya paa lililo wazi pembeni, na watoto wasilale karibu na mbabula inayowaka.

Unga uliosafiri sana

Mtu akiuliza kwa nini gato la ngano tupu ni ghali Kalemie, aitazame safari ya unga wenyewe. Kongo hununua karibu ngano yake yote kutoka nchi za nje. Sehemu kubwa ya mizigo ya upande huu wa nchi hushushwa Dar es Salaam, husafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha huvushwa ziwani. Njia hiyo ni ya zamani. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata, reli ya Kongo kutoka Kabalo ilifika kwetu, wakati mji ukiitwa Albertville. Mwaka 1921 Uingereza iliikabidhi Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na tangu hapo magunia yamekuwa yakifuata mkondo huohuo. Kila kituo, kila mpagazi na kila siku ya kusubiri chombo huongeza kitu juu ya bei.

Zaidi ya hayo, bei ya ngano hupangwa mbali na sisi. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, ngano ilipanda bei duniani kote, na mama wa Kalemie aliyekuwa akiuza mandazi alilipia vita vya bara lingine.

Sukari nayo ina historia yake. Kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu, karibu na Uvira, kipo kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichozungukwa na mashamba ya miwa ya bonde la Ruzizi. Kilisimama wakati wa vita vya 1996. Kiwanda kikubwa cha sukari cha nchi, kile cha Kwilu-Ngongo, kiko Kongo Central, upande wa bahari ya Atlantiki, ng'ambo nyingine kabisa ya taifa. Kwa hiyo sukari inayokorogwa kwenye keki ya Kalemie mara nyingi imevuka mpaka.

Mpishi mwenye akili huisoma hali hii na kufanya uamuzi. Ngano na sukari anavitumia kwa kiasi, kama viungo, na msingi wa kitindamlo anautafuta karibu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na jikoni neno hilo lina uzito wake: anayengoja ngano ishuke bei anaweza kuingoja hadi sikukuu ipite.

Desemba inaleta nini sokoni

Mungu ameiweka Noeli yetu katika msimu mzuri. Desemba ni wakati wa maembe. Ndizi zipo, mananasi yapo, mihogo ipo, karanga hazikosekani, na mafuta ya mawese yanajulikana pande zote za ziwa. Mpishi wa Ulaya huoka keki ya Krismasi kwa matunda makavu kwa sababu kwao ni majira ya baridi na bustani zimelala. Sisi tuna matunda mabichi mti mzima. Hatuna sababu ya kusikitikia zabibu.

Tuanze na lililo rahisi kuliko yote. Waganda wana kitafunio kiitwacho kabalagala, kinachotengenezwa kwa vitu viwili tu: ndizi ndogo tamu na unga wa muhogo. Hakina ngano, hakina yai, wala hakihitaji sukari. Siri yake ni ndizi zenyewe: ziwe zimeiva mpaka ganda limejaa madoa meusi, kwa maana hapo wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Ziponde vizuri bila kuongeza hata tone la maji. Ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo, na chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili, hadi kinyunga kiache kung'ang'ania mkononi. Kisukume kiwe bapa kwa chupa safi, ukate miduara kwa mdomo wa glasi, ukaange katika mafuta ya moto wa wastani. Moto ukiwa mkali, sukari ya ndizi itaunguza nje kabla ndani hakujaiva. Mama wa Kalemie ana ndizi, ana unga wa muhogo uleule wa bukari, ana mbabula. Hakuna kinachokosekana.

La pili ni keki ya muhogo. Nchini Brazili, ambako Wareno waliutoa mmea huu na kuuleta Afrika ya Kati karne ya 16, watu huoka keki za muhogo mbichi uliokunwa hadi leo. Kwetu inawezekana vilevile. Chukua muhogo mtamu, ule unaoliwa kwa kuchemshwa tu. Ule mchungu usiuguse kwa kazi hii, kwa sababu unahitaji kulowekwa siku kadhaa ili sumu yake itoke, na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaojulikana sana Bandundu, hutokana na muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Menya, osha, kuna upate vikombe vitatu, kamua maji kwa kitambaa. Changanya na ndizi tatu zilizopondwa, mayai mawili yaliyopigwa, nusu kikombe cha sukari, robo kikombe cha mafuta, kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, chumvi kidogo na ganda la ndimu lililoparuzwa. Oka ndani ya jani la mgomba kwa muda wa saa moja. Itatoka nzito, yenye unyevu ndani na ukoko wa kahawia juu. Isilinganishwe na keki ya ngano. Muhogo hauna ile gundi ya ngano inayonasa hewa, kwa hiyo hauumuki sana. Utamu wake ni wa namna nyingine, na ukikatwa vipande vidogo vya mraba unakaa vizuri hata kesho yake.

Anayetaka keki inayoumuka apunguze ngano bila kuiacha: vikombe viwili vya unga, kimoja na nusu kiwe cha ngano na nusu kikombe cha muhogo. Apige mayai matatu na kikombe kimoja cha sukari mpaka yageuke meupe na mazito, maana povu hilo ndilo litakaloibeba keki. Kwa uma wa kawaida kazi hiyo huchukua muda mrefu na mkono huchoka, na ndiyo maana katika nyumba nyingi hupokezwa vijana. Kisha aongeze nusu kikombe cha mafuta, unga na maziwa kidogo. Kama beking pauda haipo, nusu kijiko kidogo cha bikaboneti na kijiko kikubwa cha maji ya ndimu hufanya kazi ileile: tindikali ikikutana na bikaboneti hutoa gesi, na gesi hiyo huinua kinyunga. Lakini ikishachanganywa iingie motoni mara moja, kwa sababu gesi haingoji. Kama maziwa yamekosekana, saga karanga mbichi zilizolowekwa, uzichuje na maji ya uvuguvugu; tui la karanga hulainisha keki vizuri.

Mapambo nayo hayahitaji duka. Sukari ya kawaida ikitwangwa kinuni na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi inakuwa laini kama vumbi. Ikikorogwa na matone ya maji ya ndimu, inapakwa juu ya keki iliyopoa na kukauka ikiwa nyeupe. Maganda ya ndimu yaliyochemshwa mara mbili na kupikwa kwa sukari, pamoja na vipande vya nanasi vilivyokaushwa na moto mdogo hadi vikawa kama mpira, huchukua nafasi ya matunda makavu ya keki za Ulaya.

Halafu zipo kashata. Vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kupetwa maganda, kikombe kimoja cha sukari. Sukari huyeyushwa peke yake juu ya moto mdogo, bila maji, mpaka iwe na rangi ya asali. Hapo mpishi hana nafasi ya kutazama pembeni, kwa maana kati ya rangi ya asali na uchungu wa kuungua kuna muda mfupi tu. Karanga hutiwa, hukorogwa upesi, humwagwa juu ya ubao uliopakwa mafuta, husukumwa kwa chupa na kukatwa zikiwa bado moto. Watoto wakae mbali na kazi hii, kwa sababu sukari iliyoyeyuka hugandamana na ngozi na kuchoma kuliko maji ya moto. Kashata ni za pwani ya Uswahilini, na tunazihesabu kuwa zetu pia. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji ilitua Mtoa, karibu kabisa na hapa, na pamoja na lugha hii ninayoiandika, ladha za pwani zilipata njia ya kuvuka maji.

Na asiyekuwa na makaa ya kutosha, akate maembe mabivu na nanasi, ayanyunyizie maji ya ndimu na karanga zilizopondwa, ayaweke mahali pa baridi. Hicho pia ni kitindamlo cha sikukuu, kisichohitaji moto hata kidogo.

Sikukuu iliyopita katika majaribu

Noeli iliingia katika ukanda huu pamoja na misheni za ufukweni. Wamisionari wa Afrika walikaa Mpala, kusini mwa Kalemie, tangu 1885, na mwaka 1917 ukanda wetu ulimtoa Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Kwa hiyo sikukuu hii si ya wageni tena. Imekaa kwetu vizazi na vizazi, na imevuka mengi.

Mwaka 1974 serikali ya Rais Mobutu iliiondoa Noeli katika orodha ya siku za mapumziko ya taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Sikukuu ilibaki makanisani na majumbani, na leo imerudi kwenye kalenda ya Jamhuri. Baadaye ilikuja miaka ya fedha iliyopoteza thamani, miaka ya tisini, pale bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Vikaja vita vya 1996 na 1998. Katika nyakati kama hizo, nyumba huishika sikukuu kwa kile kilichopo: mandazi machache, chai yenye sukari, ndizi za kukaanga. Sikukuu haipimwi kwa urefu wa keki.

Wala si sisi peke yetu tuliopita njia hii. Uingereza ilianza kugawa sukari kwa kipimo Januari 1940, na mwaka huohuo ikapiga marufuku keki zilizopakwa sukari juu. Waingereza waliparuza karoti ndani ya pudini za Krismasi ili kupata utamu, na arusi nyingine zilipambwa kwa keki za maboksi zilizofunika keki ndogo halisi. Mgao wa sukari uliendelea hadi 1953. Leo mapishi ya miaka hiyo yanaandikwa vitabuni na kuhifadhiwa katika makumbusho yao kama urithi wa taifa. Mama wa Kalemie amefanya kazi ileile kwa miaka mingi zaidi, na mapishi yake hayajaandikwa popote.

Sahani inayovuka ua

Kitindamlo cha Noeli, kwetu, hakiliwi na nyumba moja. Sahani iliyofunikwa kwa kitambaa hutoka ua huu kwenda ua ule, na hairudi tupu. Jirani Mwislamu aliyekuletea chakula wakati wa Idi hupelekewa kipande chake cha keki, na mjane wa nyumba ya mwisho hukumbukwa kabla ya wageni. Wiki moja baadaye, siku ya Bonana, yaani Mwaka Mpya, watoto watapita nyumba kwa nyumba wamevaa nguo zao mpya, wakitazamia pipi, andazi au glasi ya sukre. Ndiyo maana mpishi hukata kashata ndogondogo: anahesabu watoto wa mtaa mzima.

Kushirikiana huko kuna uzito zaidi katika jimbo letu. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyoanza mwaka 2013 yaliwatoa mamia ya maelfu ya watu vijijini mwao, na wengi walikimbilia kandokando ya Kalemie. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia majumbani na kuwahamisha watu wa ufukweni. Kwa mtoto aliyelala chini ya turubai, andazi moja la ndizi siku ya Noeli ni ushahidi kwamba hajasahauliwa. Chakula cha kushibisha ni wajibu. Kitu kitamu ni neno la upendo. Mtoto anahitaji vyote viwili.

Kushirikiana kunaokoa makaa pia. Tanuri la mchanga likishapata moto, linaweza kuivisha keki ya pili na ya tatu kwa makaa machache kuliko yale yaliyohitajika kwa ile ya kwanza, kwa sababu mchanga umeshashiba joto. Nyumba tatu au nne zinazooka kwa zamu juu ya mbabula moja hutumia makaa pungufu mno kuliko kila nyumba kuwasha yake. Makaa ni miti, na miti ya vilima vyetu inapungua. Kuoka kwa zamu ni uchumi mzuri na ni ujirani mzuri.

Upo pia upande wa riziki. Msichana anayeweza kuoka keki juu ya mbabula anaweza kuoka za ubatizo, za arusi na za kumaliza shule, mwaka mzima. Hahitaji oveni wala mkopo mkubwa ili aanze. Anahitaji sufuria nene, ndoo ya mchanga, na mtu wa kumfundisha kwa uvumilivu. Kazi nyingi zilizotegemewa na wazazi wetu zimefifia mjini. Ufundi mdogo unaoanza na mtaji mdogo usidharauliwe.

Kabla ya mkesha

Kwa hiyo nina maombi kwa watu wa aina tatu. Kwa parokia, makanisa na vikundi vya akina mama: tumieni majuma ya Majilio kuwafundisha vijana kuoka kwa mchanga, wasichana kwa wavulana, kwa vitendo, mbele ya moto. Chumba cha mikutano kina nafasi, na kila kikundi kina mama mmoja au wawili wanaoijua kazi hii vizuri. Waombwe wafundishe, na walipwe hata kidogo kwa muda wao.

Kwa wapishi wenyewe: andikeni. Chukueni daftari la shule, muandike vikombe, dakika na idadi ya makaa. Ujuzi unaokaa kichwani huondoka na mwenyewe. Ule ulioandikwa hubaki kwa wajukuu.

Na kwako msomaji: mwaka huu usikope pesa kwa ajili ya gato. Nenda sokoni ununue ndizi zilizoiva sana, zile ambazo wauzaji huziuza rahisi, na karanga, na muhogo mtamu. Osha mchanga wako mapema, uukaushe kabla mvua haijanyesha. Jaribu keki moja wiki moja kabla ya sikukuu, ili siku yenyewe uijue tabia ya mbabula yako. Kisha, ikishaiva, kata kipande cha kwanza umpelekee jirani asiyekuwa na moto. Noeli njema, na Bonana njema.